Nishikie Kidogo

Dada yangu mkubwa alikuwa msimamizi wa ukumbi wa gemu za zamani, zile mashine ndefu kama kabati, zenye kioo juu na kirungu chekundu cha kuongozea chini yake. Kulikuwa na ya magari, ya ngumi, ya matofali yanayoanguka na ya ndege za vita. Mchana, watoto wakiwa shuleni, ukumbi ulikuwa kimya, naye alipangusa vioo kimoja kimoja kama anayeosha watoto nyuso.

Niliupenda ukumbi ule kwa jambo moja. Mtu akiitwa nje, alimwambia wa pembeni yake, "Nishikie kidogo," na mwenzake aliacha gemu yake akamchezea ili asishindwe. Hakuna aliyekataa. Hata wale wahuni wa mtaani walishikiana.

Siku hiyo nilimpelekea dada chakula kama kawaida, mwanangu amelala mgongoni. Karibu na mlango nilipishana na Bwana Tai. Tulimwita hivyo kwa sababu hata jua la kupasua mawe halikumvua tai yake. Siku zote alisimama kwenye mashine ya mwisho, ya gemu ya kukimbia vichochoroni. Dada alimwonea huruma. Alimpelekea maji na kumnywesha mwenyewe, maana mzee wa watu hakukubali kuachia kirungu.

"Huyu ameoa mashine," dada alizoea kusema. "Na mahari kalipa kwa sarafu."

Sasa alikuwa anakimbia, tai imelegea, machozi yanamtiririka. Alipomwona mtoto mgongoni mwangu, alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Ndani, dada alikuwa amesimama kwenye mashine ya mwisho.

"Shikamoo dada. Kumbe na wewe umeolewa?"

Hakucheka. Hakugeuka. "Usimwamshe mtoto," alinong'ona.

Kwenye kioo, kijitu cheupe kilikimbia vichochoroni kikifukuzwa na vivuli vinne. Chini kabisa, kwenye kona nyembamba, kulikuwa na nukta ya njano iliyotulia.

"Aliniomba nimshikie," alisema. "Kwanza akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia sina, ila mdogo wangu anaye, na huyo ndiye pumzi yangu. Akasema nimsamehe. Akaondoka."

Mwanangu alikohoa. Nukta ikapepesa.

Kivuli kimoja kikaacha njia yake, kikaifuata. Mgongo wangu ukaingia baridi, kama nimebeba mtungi wa maji. Mtoto akakakamaa. Dada akasukuma kirungu, kijitu kikapita mbele ya kivuli kile, kikakivuta mbali. Joto likarudi mgongoni.

Nilizunguka nyuma ya mashine nichomoe waya. Plagi ilikuwa sakafuni, imefunikwa na utando wa buibui.

"Nipe nishike mimi," nilimwambia. "Mtoto ni wangu."

Alinisukuma kwa kiwiko. "Na nani atamnyonyesha? Mtoe nje."

Nilielekea mlangoni. Njia ni moja tu, imenyooka. Nilipita ndege, matofali, ngumi, magari. Kisha nikaona mgongo wa dada.

Nikageuka, nikafuata ukuta. Ndege. Matofali. Ngumi. Magari. Mgongo wa dada.

Nilimkaza mtoto mgongoni.

"Nawaona kiooni, wewe na mtoto," dada alinong'ona. "Ukitembea, nukta inatembea. Nisikilize kama nilivyokuwa nikikuvusha barabara. Fumba macho."

Nilifumba.

"Mbele. Kushoto. Simama."

Kitu kilipita mbele yangu. Kiliacha harufu ya waya ulioungua. Ncha ya mbeleko ilivutika kidogo, ikaachiwa.

"Sasa. Kulia. Nyoosha."

"Na wewe je?"

"Navipeleka vivuli kona ya mbali. Vikininasa mimi, havitakuwa na haja na mtoto."

"Umejuaje?"

"Sijui. Tembea, mdogo wangu."

Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Kushoto. Ngoja. Kulia. Vidole vyangu viligusa chuma cha mlango. Nikasukuma. Jua likanipiga usoni.

"Nukta imetoka," nilimsikia nyuma yangu, mbali sana. "Mfunike kichwa, jua kali."

Nilimwita kinyozi wa mlango wa pili. Aliingia yeye, mimi nikabaki kizingitini. Alitembea moja kwa moja hadi mwisho na kurudi, viatu vya dada mkononi.

"Hayupo," alisema taratibu, akiviweka miguuni pangu kana kwamba vinaweza kuvunjika. "Bado vina joto. Na ile mashine haiwaki. Halafu kuna mtu kang'oa kirungu chake."

Nilifungua mbeleko nimnyonyeshe mtoto. Alikuwa amekikumbatia kifuani. Chekundu, kimelika upande mmoja kwa vidole.

Ukumbi ulifungwa. Mashine zilipakiwa kwenye lori, na hakuna aliyejua zilikopelekwa. Mwanangu sasa anatembea, mzima kabisa. Kirungu ninacho. Nikikiweka chini kinaanza kupoa, kwa hiyo nakifunga kifuani, nacho kinabaki na joto la kiganja cha mtu. Nyumba ikiwa kimya, hujisogeza. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Jana nilikuwa natoka bombani, ndoo kichwani, mtoto amening'inia kwenye gauni. Fundo likalegea, kirungu kikachomoka, nikakidaka kwa mkono mmoja. Jirani yangu, mama mwema ambaye hajawahi kunipita bila kunisaidia, alinyoosha mkono.

"Umeelemewa, mwenzangu. Lete hicho nikushikie kidogo."

Kwanza nilitazama kama ana mtoto mgongoni. Alikuwa naye, amelala.

Niliiacha ndoo ianguke, nikakikumbatia kirungu kwa mikono yote miwili.