Figa la Tatu

Hebu fumba macho, uione njia ya vumbi inayotoka Lusu, jua likiwa limezama nusu. Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, natembea na chupa ya asali. Nampelekea wifi yangu Advera, aliyejifungua wiki tatu zilizopita.

Kando ya njia kuna rundo la mawe. Wapagazi wa misafara ya zamani walimzika hapo mwenzao, aliyeanguka chini ya mzigo wake. Kila apitaye huongeza jiwe. Hata vijana wa bodaboda husimama. Nikaongeza langu, nikaenda.

Nilimkuta Advera amejifungia jikoni na mtoto, Julieth.

"Ni mimi, wifi. Fungua."

Akafungua kidogo, akanivuta ndani, akarudisha komeo.

"Mkono wa kaka yako si wake tena," akanong'ona.

"Mkono wa Amon? Ule usiolijua jembe?"

Hakucheka.

Tangu juzi, akasema, mkono wa kulia wa Amon ni wa baridi kama maji ya mtungi. Unapanda wenyewe mpaka kichwani, unakaa hapo, vidole vimekunjwa, kana kwamba umeshikilia mzigo. Akiushusha, unapanda. Jana ulinyakua ndoo ya maji, ukamtwika. Akatembea nayo kuelekea mashariki hadi miguu ikachubuka. Hakuweza kuitua.

Nikatazama mekoni. Mafiga mawili yalikuwa meusi kwa masizi. La tatu lilikuwa jekundu, jipya.

"Hili kalitoa wapi?"

"Kwenye lile rundo la njiani. Nilimkataza. Akasema, wafu hawapiki."

Ndipo ikaja harufu... jasho la siku nyingi, na vumbi la mbali.

Kisha nyayo. Nzito. Za mtu aliyelemewa.

"Dada..." Amon alikuwa analia nje ya mlango. "Dada, msifungue. Mkono unamtaka Julieth. Unataka kitu cha kubeba."

Pu... pu... pu...

Komeo likaanza kulegea. Advera akambana mtoto kifuani.

Nililivuta lile jiwe, nikatokea dirishani nalo. Lilikuwa zito kupita ukubwa wake. Nikalitwika kichwani, nikalishikilia kwa mkono wa kulia kama tunavyobeba kuni, nikakimbia.

Nyuma yangu hakuna aliyenifuata. Lakini nilisikia pumzi za watu wengi, wakitembea mstari mmoja.

Nikalitua kwenye rundo. "Mtusamehe," nikasema. Pumzi zikakoma.

Niliporudi, Amon alikuwa ameketi mlangoni, mkono umelala mapajani, una joto. Ndani, Julieth alikuwa ananyonya.

"Dada," Amon akaniuliza polepole, "jiwe ulilibebaje?"

Niliona anautazama mkono wangu.

Bado ulikuwa kichwani.

Sasa ni muhula wa pili. Darasani nikiuliza swali, watoto hunyoosha mikono, na wangu nao hupanda. Wanacheka, wanadhani nawaigiza. Ninaushusha kwa mkono wa kushoto, tunaendelea na somo.

Ukinikuta njiani, nisalimie tu, nitaitika. Ila nakuomba ukumbuke jambo moja. Hata nikikuomba kwa upole, hata nikitabasamu, usinipe mtoto wako nimbebe.