Mluzi wa Kuita Upepo

Lita nane za maji ya kunywa Nidia Poot alizimimina zote kwenye rejeta, na gari likaenda kilomita mbili tu kabla ya kuzima kabisa. Alipofungua boneti alikuta rejeta imepasuka chini. Maji yote waliyokuwa nayo yalikuwa yanachirizika juu ya mawe meupe, na yalikauka mbele ya macho yake.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Mei. Barabara ya lami ilikuwa kilomita kumi na sita mbele, na simu hazikushika mtandao.

"Niambie hayo hayakuwa maji ya kunywa," alisema don Efraín kutoka kiti cha nyuma.

"Yalikuwa ya kunywa, don."

"Safi sana. Gari limekunywa, sisi tumeze mate."

Don Efraín Baeza, mfamasia mstaafu wa Mérida, alikuwa na haki ya kununa. Asubuhi ile, katika uwanja wa mji wa Peto, yeye alichagua basi kubwa lenye kiyoyozi, linalokwenda kwenye magofu makubwa yenye vivuli na wauza barafu. Shemeji yake doña Socorro, mjane wa kaka yake, alisoma mabango yote ya ziara za siku moja, kisha akaenda moja kwa moja kwa Nidia na pikapu yake kuukuu. Nidia peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda kwenye magofu madogo ya msituni, kule ambako baba wa doña Socorro aligema utomvu wa chingamu enzi za ujana wake.

Nidia alijua joto la Mei. Alipaswa kuwageuza saa nne. Lakini bibi wa miaka sitini na tisa alikuwa akipapasa gome la kila mti akitafuta jina ambalo baba yake alilichonga, na alipolipata alilia, na Nidia hajapata kuwa na moyo wa kumkatiza mtu anayelia. Wakaondoka saa sita.

"Kwa barabara bibi hafiki," alisema sasa. "Kuna njia ya wawindaji hapa kushoto. Inatokea kwenye mashamba ya watu. Mwendo wa saa moja."

"Unaijua?"

"Nimeipita nikiwa mdogo."

"Ukiwa mdogo," alirudia don Efraín, akatazama mbingu.

Waliingia msituni. Mwezi huo miti imepukutisha majani yote, na jua lilipita katikati ya matawi kama halikuona kitu. Ardhi ilikuwa mawe matupu na majani makavu yaliyowavunjikia miguuni. Baada ya nusu saa njia iligawanyika mara mbili, kisha mara tatu, kisha ikawa si njia tena. Nidia alikumbuka shimo la mwamba ambalo hutunza maji ya mvua. Alilipata, akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa konzi ya nyuki wakavu.

Alijifuta mkono kwenye suruali, akasimama.

Doña Socorro alikuwa ameacha kusimulia habari za baba yake. Alitembea akishika mkanda wa Nidia, uso mwekundu, na maneno yake yakaanza kupotea njia. Alimwita Nidia kwa jina la mtu mwingine. Don Efraín alimgusa bibi shingoni, akaugeuza mkono wake kuutazama.

"Hatoki jasho tena, binti."

"Maana yake nini?"

"Maana yake tukikosa maji ndani ya saa moja, shemeji yangu anatufia."

Hapo ndipo Nidia alipotia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Alipiga kwa nguvu zote, mrefu, kama alivyofundishwa na kaka zake. Akasikiliza. Akapiga tena.

Na kutoka mashariki, mbali, mluzi ulijibu.

Don Efraín alicheka peke yake kama kichaa. Walimshika doña Socorro huku na huku wakaelekea kule sauti ilikotoka. Nidia alipiga, ikajibu. Alipiga, ikajibu, lakini haikukaribia. Mara ilikuwa kulia, mara kushoto, kana kwamba mwenyewe anatembea na mambo yake.

"Mbona haji? Anatuchezea?"

"Sijui, don. Twende tu."

Midomo yake ilipasuka ikatoa damu, na mluzi ukawa pumzi tupu. Sauti nayo ilikuwa imekwisha. Aliongea kwa kunong'ona.

Walitokea kwenye uwazi. Lilikuwa shamba lililofyekwa tangu msimu wa baridi, magogo na matawi yamelazwa yakakauka hadi yakawa meupe, na pembeni yake ukanda wa ardhi uliofagiliwa ili moto usivuke. Mbele yao palikuwa na kimeza cha fito, na juu yake vibuyu vitano vimejaa saka, kile kinywaji cha mahindi wanachowekewa wenye msitu, roho waulindao, kabla mtu hajawasha moto shambani.

Nidia alivitazama vile vibuyu. Sasa alielewa. Yule mtu hakuwa akimjibu. Alikuwa akiuita upepo, kama afanyavyo kila mkulima siku ya kuchoma shamba, na hakuna anayekimbilia mluzi wa siku hiyo. Watu hukaa nao mbali. Yeye, binti wa mkulima, aliyelelewa katika milio hiyo, alikuwa amesahau kwa sababu ya kiu. Kwa saa nzima alikuwa akiuita upepo pamoja naye.

Upande wa pili wa shamba, moshi wa kwanza ukapanda.

"Kinywaji!" don Efraín alikuwa ameshanyosha mkono.

"Ngoja." Nidia alimshika. Wenye msitu walikuwa hawajanywa, na tangu utotoni hakupata kuona mtu akiwatangulia. Alimtazama doña Socorro aliyeanguka kwa magoti, macho nusu wazi. Akanong'ona maneno machache ya kuomba radhi kwa lugha ya mama yake, akachukua kibuyu cha kwanza, akakiinamisha mdomoni mwa bibi. Cha pili alimpa don Efraín. Cha tatu na cha nne alimmwagia doña Socorro kichwani na shingoni, akimpepea kwa kofia.

"Na wewe kunywa," alisema don Efraín.

"Mimi nimewaleta hapa. Mimi sinywi."

"Usiniletee ushujaa wa kipumbavu!"

Moto ulikuwa umeanza kusema. Ulivuka magogo ya kati kwa mlio wa kupasua masikio, na joto lake likawasukuma usoni. Kumbeba mtu kwenye mawe hawangeweza, na hawakujua waende wapi. Mwenye moto alikuwa hapo hapo ng'ambo, na hakujua kama kuna watu. Alihitaji kusikia sauti ya mtu, tena sauti ya mwanamke, maana siku ya kuchoma hakuna mwanamke shambani.

Nidia alikinyakua kibuyu cha tano akakinywa chote. Kilikuwa cha baridi, kichungu kidogo, chenye asali. Koo likafunguka. Akapiga ukelele ambao hakujua anao, mara moja, mara tatu, mpaka akaona nyota.

Mzee mfupi alitokea kwenye moshi akikimbia kwenye ukanda ule uliofagiliwa, mwenge bado mkononi.

"Nani mwanamke kwenye shamba langu?" Alipowaona, aliutupa mwenge. "Mbebeni! Huku, huku, kuna pango!"

Walimkokota bibi hatua mia mbili, nywele zikinuka kuungua, wakaporomoka kwenye shimo la mwamba lenye maji hadi magotini. Moto ulipita juu yao. Doña Socorro alilala mikononi mwa shemeji yake, maji hadi kidevuni, na baada ya muda mrefu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani kamvua viatu. Don Efraín akaangua kilio.

"Nilisikia mluzi ng'ambo," alisema yule mzee, don Anselmo Tuz. "Nikadhani mkwe wangu kafika. Ndiyo nikawasha."

"Ulikuwa wangu," alisema Nidia. "Na saka tumeimaliza. Vibuyu vyote."

Mzee alitega sikio kuelekea juu. Upepo ulikuwa umekatika ghafla, na walipochungulia nje, nusu ya shamba lilikuwa limebaki bila kuungua. Nusu ya mahindi ya mwaka mzima, maana pasipoungua hapapandwi.

Wiki mbili baadaye, mvua ikiwa inanukia, walirudi wote watatu. Doña Socorro aliketi chini ya kitambaa akisaga mahindi, don Efraín akarundika matawi akilaani mgongo wake, na Nidia akabeba magogo tangu alfajiri bila kumtazama mzee machoni. Kwa siku zote hizo hakuwa amepiga mluzi hata wa kumwita mbwa.

Don Anselmo aliweka vibuyu mezani. Wakasubiri wenye msitu wanywe. Kisha akachukua kimoja, akampa Nidia.

"Kunywa. Safari hii wenyewe wametangulia." Akawasha mwenge, akakohoa. "Mapafu yangu hayafai tena, na mkwe wangu hajaja. Nenda ng'ambo, binti. Uuite upepo."

Nidia alikwenda. Alisimama mahali pale pale alipopigia ukelele, akalowesha midomo yenye makovu, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga.