Mlio wa Dirisha Linalovunjika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Aoko alimsaidia mama yake kupanga mzigo wa kupeleka sokoni Kibuye. Mama aliuza vyombo vya mitumba: sahani, bakuli, jagi na bilauri za kila umbo. Kazi ya Aoko ilikuwa kuzifunga bilauri kwa magazeti ili zisigongane, lakini kila aliyoishika aliigonga kwanza kwa kijiko na kutega sikio.

"Mama, sikiza hii! Inalia kama kengele ya kanisa."

"Ikipasuka, utalia wewe," mama alisema. "Funga vyombo, wateja hawatanisubiri."

Huko shuleni, kupenda kwake milio kulikuwa kumempatia kazi. Mwalimu Absalom, mlezi wa chama cha uigizaji, alikuwa akiandaa mchezo wa redio kuhusu familia ya huko Ahero iliyovamiwa na mafuriko. Wanafunzi wengine wangesoma maneno yao mbele ya simu ya mwalimu, nao Aoko na rafiki yake Debra wangetengeneza sauti zote kwa vyombo vya kioo. Nyingi walikuwa wamezipata. Kidole kilicholowa, kikizungushwa kwenye ukingo wa bilauri, kilitoa mlio mrefu wa kuogofya kama upepo unaopenya chini ya mlango. Chupa ya soda ikipulizwa mdomoni, ilitoa honi ya lori lililo mbali. Maji yakimiminwa ndani ya jagi, mtu aliyefumba macho angeapa kwamba mto unapanda.

Mlio mmoja tu uliwashinda: dirisha linapovunjika na maji kuingia nyumbani.

"Mwalimu, kwa nini tusivunje tu kioo?" Aoko aliuliza.

"Hakuna kuvunja kioo, hapa wala nyumbani. Tafuteni njia nyingine. Kesho mchana tunarekodi."

Jioni hiyo, nyumbani kwao Manyatta, Aoko aligonga vijiko, akaangusha funguo, akatikisa vifuniko vya sufuria. Debra alirekodi kwa simu aliyoazimwa na dada yake, kisha wakasikiliza.

"Hapo ni mtu anaosha vyombo," Debra alisema. "Na hapo ni mtu anaosha vyombo akiwa amekasirika."

Aoko hakucheka. Alikwenda mlangoni, akarudi dirishani, akaenda tena mlangoni. Kesho ilikuwa inakuja mbio. Mwishowe alichukua chupa tupu, akatoka nayo nyuma ya nyumba na kuokota jiwe.

"Mwalimu amekataza," Debra alisema.

"Mara moja tu. Nani atajua? Leta simu karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu kabisa! Sogea!"

Jiwe lilishuka. Chupa ikapasuka, vigae vikaruka, na Debra akapiga yowe. Simu ilianguka chini. Damu ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko.

Aoko alikimbia kuleta leso, akaufunga mkono wa rafiki yake. "Tuseme ulianguka," alinong'ona. "Ulianguka kwenye changarawe. Tafadhali, Debra." Debra, machozi yakimtoka, alikubali kwa kichwa.

Mama Aoko alirudi kutoka sokoni akawakuta hapo hapo. Mama yake Debra alikuwa amekwenda Asembo Bay kununua samaki wa kuuza, kwa hiyo Mama Aoko alimpigia simu, kisha akawaongoza wasichana wote wawili hadi kituo cha afya.

"Umekatwa na nini, mwanangu?" aliuliza muuguzi, Sista Khadijah.

Debra alimtazama Aoko.

"Alianguka kwenye changarawe," Aoko akajibu upesi.

Sista aliosha jeraha, akalitazama, akalitazama tena. "Changarawe? Mbona limenyooka hivi? Mna hakika?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi nitalishona."

"Kuna kitu kinachoma ndani," Debra alisema kwa sauti ndogo.

Aoko aliitazama sindano, kisha uso wa rafiki yake, kisha mlango. Alitamani kukimbia asisimame mpaka ziwani. Sista aliinua uzi.

"Ngoja, Sista! Si changarawe. Ni chupa. Niliivunja mimi, na mimi ndiye niliyemwambia asogee."

Mama aligeuka polepole. "Yawa, Aoko!"

Sista Khadijah aliweka sindano chini, akavuta taa karibu na kuchukua koleo ndogo. Alichakura kwa subira huku Debra akiuma meno. Hatimaye alitoa kigae chembamba kama mwiba wa samaki na kukidondosha kwenye sahani ya bati. Ting! Hakuna mlio uliowahi kumtisha Aoko kama huo.

"Kioo ndani ya damu hakionekani kwa urahisi," Sista alimwambia. "Ningelishona hivi hivi, mkono ungetunga usaha, na tungeupasua upya."

Waliporudi nyumbani, mama hakumgombeza. Alimpa Aoko viatu vizito na ufagio, akasimama naye mpaka kigae cha mwisho kikaokotwa.

Asubuhi Aoko alimtafuta Mwalimu Absalom na kumweleza yote bila kuficha.

"Kuanzia leo, mkuu wa sauti ni Debra," mwalimu alisema. "Wewe utafuata maagizo yake."

Debra alikuja shuleni mkono ukiwa kwenye bendeji. Alifikiri, akaomba rula, bakuli la kioo na gololi nyingi za kioo. "Piga dawati kwa rula, mara moja, kwa nguvu," alimwambia Aoko. "Halafu mimina gololi bakulini."

Aoko alipiga, akazimwaga zote kwa mkupuo.

"Polepole! Vipande vya dirisha haviwezi kuanguka vyote pamoja."

Walirudia, wakarudia tena, Aoko akijizuia kwa shida. Mara ikatokea: paa! Kisha kioo juu ya kioo, kama vipande vikubwa, vidogo, vichache, halafu kimya. Wasichana wawili waliokuwa wamekaa karibu na dirisha waliruka vitini mwao.

Mwalimu Absalom alizima simu. "Huo ndio mlio, na haujamwaga damu ya mtu," alisema. "Aoko, jana ulikosa mara mbili: ulipovunja chupa na ulipodanganya. Lakini ulisema kweli kabla mkono haujashonwa, na ndiyo sababu Debra yuko hapa. Ukikosea, sema mapema na useme yote. Anayetaka kusaidia hawezi kuponya asichoambiwa."

Aoko alimgeukia rafiki yake. "Mkono bado unauma?"

"Unauma," Debra alisema. "Kusanya gololi. Mwalimu, tuanze mchezo tangu mwanzo."