Benchi la Besi

Wa kwanza kumwambia alikuwa mama mpishi wa shule, mikono ikiwa bado na povu la kuoshea masufuria.

"Hongera, Mwalimu. Kumbe mmepata besi!"

Mwalimu wa muziki alicheka. Kwaya yake ilikuwa ya watoto wa darasa la tatu na la nne, nusu yao mapengo matupu. "Besi itoke wapi, dada yangu? Labda umesikia mashine ya kusaga."

"Mashine haiimbi Amina," alisema mpishi, akarudi jikoni.

Mwalimu alijifunza kuimba katika kwaya ya watu wazima kanisani, yenye sauti nne, na mazoea yana tabu. Ubaoni aliandika do-re-mi mistari minne, na darasani alipanga mabenchi manne, ingawa watoto walitosha sauti tatu tu. Benchi la besi, sauti nene ya chini kabisa, lilikaa tupu nyuma, karibu na kabati. Kabla ya kila wimbo aligawa noti: wa kwanza yao, wa pili yao, wa tatu yao, kisha, bila kufikiri, akaligeukia lile benchi tupu na kulipatia do ya chini. Alifanya hivyo wiki mbili nzima.

Alasiri ile alitega sikio. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kwenye ubeti wa pili, chini ya sauti za watoto, kitu kikaanza kuvuma, kizito, taratibu, kikiufuata mstari wa nne bila kukosea hata noti moja, na vioo vya madirisha vikatetemeka, na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi ikatanda darasani ambamo hapakuwa na mshumaa, na watoto waliokuwa karibu na kabati wakawa wanajisogeza kidogo kidogo huku wakiimba, kama watu wanaompisha mtu mnene.

Mmoja tu hakusogea. Alikuwa binti wa Mwalimu mwenyewe, wa miaka minane, ambaye shule nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Njiani kurudi nyumbani, Chiriku hakusema neno. Mwalimu akamgusa paji la uso. "Unaumwa, mwanangu?"

"Mama," alinong'ona mtoto, "yule mjomba wa benchi la nyuma anasema ulimpa noti, hukumpa koo la kuimbia. Ameniomba langu."

Mwalimu alimshika mabega. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitakuomba ruhusa kwanza. Akasema mama alishamkaribisha."

Kabla jua halijazama, hata mnong'ono ulikuwa umekatika. Chiriku alifungua mdomo, akaonyesha koo kwa kidole, machozi yakamtiririka bila kilio. Mama alipomkumbatia alisikia kifuani mwa mtoto kitu kikivuma. Ilikuwa do ya chini.

Mchungaji wa shule alikuja mbio, akapiga magoti, akaomba hadi jasho likamlowesha kola. Kabla hajamaliza, "Amina" ilisikika, nene, ya mtu mzima, nayo ilitoka kwa mtoto aliyefumba mdomo.

Mchungaji alifunga Biblia polepole. "Majini yanayopiga kelele nayajua, mwanangu. Hili jini linasali pamoja nami. Litamwogopa nani?"

"Baba Mchungaji, nina huyu mmoja tu!"

"Taratibu, lisitusikie." Alimsogelea. "Nani alilipatia noti?"

"Mimi."

"Na waimbaji wako wakiimba, nani huwanyamazisha?"

Mwalimu akautazama mkono wake wa kulia.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, alimkalisha Chiriku mahali pake pa kila siku, akasimama mbele ya benchi tupu. Akatoa do ya chini. Benchi likalia kama mbao zinavyolia mtu mzito anapokaa, harufu ya mshumaa ikaja, na ule mvumo ukapanda kutoka kifuani mwa mtoto na kutoka kwenye benchi kwa pamoja, ukikua, ukijaza darasa mpaka chaki zikaanza kudondoka ubaoni moja baada ya nyingine. Mwalimu aliinua mkono, kama afanyavyo wimbo unapofika mwisho, akauacha hewani pumzi moja ndefu, kisha akakunja ngumi.

Kimya.

"Mama," alisema Chiriku, kwa sauti yake ileile ya kuchosha watu, "nina kiu, halafu viatu vinanibana, halafu mbona unalia?"

Mwalimu alimbusu kipajini. Ndani ya ngumi yake kitu kilikuwa cha moto, kikitetemeka kama koo la mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Alifuta mstari wa nne kwa mkono wa kushoto. Watoto walipoingia, akawafundisha wimbo wa sauti moja, na siku ile yote aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala ovyo, huku wa kulia ameuficha mfukoni, vidole vimekunjwa, akiogopa hata kupiga chafya.