Jina la Herufi Kumi na Moja

Jumamosi hiyo ya Oktoba watu walikuwa wamefurika kwenye lango la uwanja wa Winnipeg, Kanada, na Darcy Wasylenchuk, mshambuliaji wa pembeni kushoto katika mpira wa magongo wa barafuni, alikuwa amechelewa. Alivaa suti ya kijivu, kama ilivyo desturi ya wachezaji siku ya mechi. Katika kupenya akamgonga mwanamke mfupi aliyekumbatia boksi, na jezi zikamwagika sakafuni.

"Samahani, dada."

Mwanamke alivaa koti la rangi ya haradali, pini mbili zimechomekwa kolani. Aliitazama jezi aliyookota, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe wewe ndiye Wasylenchuk. Herufi kumi na moja. Unajua vidole vyangu vinavyokulaani?"

"Wewe ndiye unayetushonea majina?"

"Nani mwingine? Wenzako wanaitwa Lee, wanaitwa Roy. Ukoo wako ulikuwa na haraka ya nini na herufi zote hizo?"

"Basi leo nitakufungia bao, iwe fidia."

"Funga mawili."

Alifunga moja. Kesho yake akaenda dukani kwake, Mtaa wa Sargent, kuomba radhi kwa lile la pili.

Aliitwa Marivic Pangilinan. Mama yake alitoka Ufilipino kuja kushona viwandani, naye akarithi cherehani pamoja na ulimi. Mwezi haukuisha kabla Darcy hajazoea kula kwake kila siku ya mapumziko. Alimweleza lile asilowaambia wenzake: ana miaka ishirini na tisa, misimu saba timu ya daraja la pili, na ligi kuu aliionja mechi nne tu. Goti lilikuwa limepasuliwa mara mbili.

"Na bado unataka?" Marivic aliuliza.

"Bado nataka."

"Basi kula. Mtu hapandi ngazi na njaa."

Alhamisi moja ya Januari, Darcy alipita dukani bila kupiga simu. Juu ya meza ililala jezi namba ishirini na mbili, namba yake, na mgongoni limeshonwa jina la mwingine, Lindqvist. Nyuzi za jina la zamani zilikuwa bado zimetapakaa mezani.

"Tangu lini?" aliuliza.

Marivic aliweka mkasi chini. "Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Nilisaini karatasi, Darcy. Siri ya timu ikitoka humu ndani, nafunga duka."

"Juzi ulinipikia tambi, ukakaa ukinitazama nikila."

"Nilikutazama, ndiyo. Zangu hazikushuka hata uma mmoja."

Simu ya kocha ilimkuta hapohapo, mlangoni. Alikuwa ameshushwa daraja la tatu, Duluth, Marekani, mwendo wa saa sita kwa gari. Alifunga mizigo bila kuaga. Marivic alipiga simu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi akaacha.

Duluth hawakumhurumia. Walisafiri kwa basi, walilala wawili chumba kimoja. Darcy alifika barafuni saa nzima kabla ya wengine, akifunga goti kwa bandeji na kupiga kisahani kile cheusi cha mpira, mara mia mbili kila asubuhi, mpaka bega likaacha kulalamika. Wiki ya tano wakamfanya nahodha. Walisema hawajaona mtu anayeng'ang'ania hivyo.

Unahodha ukaja na mzigo wake. Asubuhi moja ya Machi kocha alimwita kando. "Tunamwacha Petr, yule unayelala naye chumba kimoja. Nitamwambia saa tano. Usimwambie neno, karatasi hazijakamilika."

Ilikuwa saa tatu. Walikwenda kunywa chai. Petr alikula mayai manne, akamwonyesha picha ya nyumba anayotaka kupanga kwa ajili ya mkewe. Darcy alitikisa kichwa kukubali, akasema ni nzuri. Mkate wake aliuacha sahanini.

Saa tano na nusu alisimama nje kwenye theluji na kupiga simu.

"Haloo, duka la kushona."

"Marivic, ni mimi."

"Umekumbuka namba."

"Leo nimekaa na mtu saa mbili nikijua anaachwa. Saa mbili tu, Marivic. Wewe ulibeba siku tatu."

"Nilitapika siku zote tatu," alisema taratibu. "Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nisamehe, mpenzi."

"Sitoi msamaha kwa simu. Jumapili mnacheza saa ngapi?"

Jumapili Marivic alifika Duluth dakika kumi kabla ya mechi, midomo kaipaka rangi ya damu ya mzee. Duluth waliongoza, wakapitwa, wakafungwa tatu kwa mbili. Darcy alipoteza jino moja akizuia shuti. Akiwa na pamba mdomoni, alimkuta Marivic karibu na basi la timu.

"Ulivyo mbaya leo," alisema Marivic, akimshika kidevu.

"Sikiliza. Huenda nisipande tena. Huenda wakanishusha zaidi. Lakini nitacheza mpaka viwanja vyote vinifungie mlango. Unaweza kuolewa na mtu wa hivyo?"

"Na mimi nitaendelea kusaini karatasi zao. Siku nyingine nitajua kabla yako."

"Ujue. Mimi nitarudi nyumbani hata hivyo."

Marivic alivuta pumzi. "Julai, basi. Ukumbi wa kanisa la mama yangu, na wajomba zako wasilete pombe yao. Agosti unarudi mazoezini."

Dereva alipiga honi. Mechi iliyofuata ilikuwa kesho yake, Iowa. Darcy alimbusu kwa upande wa mdomo usiouma, akapanda basi, akaketi na kuanza kufungua bandeji ili goti lipumue kabla ya safari.