Wapangaji Wawili Nyuma ya Pazia

Kamba ya uani ilikuwa imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, lakini haikuwa na nguo hata moja. Yalianikwa madaftari. La hesabu lilibanwa kwa kibanio, kurasa zikidondosha maji ya buluu. La sayansi lilifuata. Mwisho kabisa kilining'inia kitabu cha katekisimu, kimevimba kama mkate.

Mama Chiriku alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, mpenda usafi. Asubuhi hiyo alikuwa ameyatumbukiza madaftari yote ya binti yake katika ndoo ya maji ya dawa.

"Mwanangu," bibi aliita kutoka barazani, "nimeishi miaka mingi, lakini masomo kufuliwa ndiyo kwanza naona leo."

"Ugonjwa uko kila mahali, mama. Siwezi kubahatisha."

"Sawa. Na mtoto sasa atasoma nini? Mabaka?"

Mama Chiriku alikimbilia mlangoni akafuta kitasa. Hiyo ilikuwa mara ya nne, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Shule zilikuwa zimefungwa miezi saba. Ugonjwa mpya wa kifua ulikuwa umeenea, nao ulipita kwa pumzi, mtu akikohoa, akipiga chafya, au akizungumza karibu na mwenzake. Jumatatu iliyopita shule ya masista ilifunguliwa tena. Leo ilikuwa Alhamisi. Chiriku, mwanafunzi wa darasa la tatu, hakuwa amekwenda hata siku moja. Kila asubuhi alivaa sare, akafika mlangoni, akashika tumbo.

"Linauma," alisema, basi, akarudi ndani.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya maneno mengi. Aliamka akisema na kulala akisema. Bibi akitega kitendawili, Chiriku alijibu kabla hakijaisha. Lakini tangu Jumatatu alikuwa kimya. Alikaa peke yake kwenye kizingiti cha nyuma, mbali na mkeka wa bibi. Bibi akimpa kikombe, hakukipokea mkononi. Alingoja kiwekwe chini.

Mama yake aliona yote hayo, na roho ilikuwa juu juu. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yangeanza Jumatatu ijayo. Chiriku alikuwa ameyangoja mwaka mzima. Je, asipokwenda tena?

Alikaa kwenye cherehani, akashona mshono mmoja, akainuka. Akachungulia njiani, akakaa tena. Uzi ukakatika.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina! Karibu, Sista!"

Aliyeingia uani alikuwa mtawa, mwalimu wa darasa la tatu. Watoto walimwita Sista Sabuni, naye alijua, na alicheka tu. Barakoa yake ilifunika pua na mdomo. Mama Chiriku alinyoosha mkono kwa mazoea. Sista aliweka mkono wake kifuani, akainamisha kichwa.

"Tutashikana ugonjwa ukiisha, mama. Hata kwenye misa sasa tunatakiana amani hivi hivi." Kisha akaona kamba. "Loo! Naona darasa la tatu limeanikwa."

Bibi aliangua kicheko. Mama Chiriku aliona haya.

"Niliogopa yana ugonjwa, Sista."

"Pole. Njia yake kubwa si karatasi, ni pumzi. Mikono tuioshe, madirisha tuyafungue, barakoa tuvae. Madaftari tuyaache yapumzike. Na huyu mbona hatumwoni shuleni?"

"Tumbo linamsumbua."

"Mchana pia?"

Mama Chiriku alifikiri. "Mchana... mchana anakula vizuri tu."

Sista alivuta benchi, akakaa mbali kidogo na kizingiti. "Chiriku, sikuulizi habari za tumbo. Niambie, unaogopa nini?"

Mtoto alikuna kizingiti kwa ukucha.

"Mama alisema nitamuua bibi," alisema mwishowe. "Nikienda shule nitarudi na ugonjwa. Bibi ana pumu. Atakufa, na itakuwa mimi."

Mama Chiriku alikumbuka vizuri. Jumapili, akipiga pasi sare haraka haraka, alikuwa amesema, "Ukigusagusa ovyo huko shuleni utamuua bibi yako!" Alisema kama mtu anavyosema utaanguka, utajikata. Hakujua kwamba neno lile lililala na mtoto kitanda kimoja siku nne.

"Nilitaka awe mwangalifu tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," Sista alijibu. "Sote tuna hofu. Lakini mtoto ukimtisha, hajifunzi kujikinga. Anajifunza kujificha. Mwambie ukweli kwa utulivu, halafu mpe kazi anayoiweza."

"Na mimi niseme!" bibi aliingilia. "Wee mjukuu wangu, pumu hii ninayo tangu mama yako hajazaliwa. Hukunipa wewe. Umesikia?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlenga.

"Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeumwa," Sista alimwambia. "Lakini tunaweza kuuzibia ugonjwa njia nyingi. Na mtu akiugua, si kosa la mtoto. Sasa, barakoa yako iko wapi?"

Mama Chiriku aliileta mbio. Alikuwa ameishona tabaka sita, kwa usalama zaidi. Chiriku alipoivaa, ikateleza hadi midomoni. Pua ikabaki nje, nayo ikaanza kuvuta hewa kwa nguvu.

"Hii ni barakoa au godoro?" bibi aliuliza.

"Tabaka tatu zatosha," Sista alisema, naye akicheka. "Wewe ni fundi. Mpime uso kama unavyowapima watu kiuno. Mshonee tatu au nne, kila siku avae iliyofuliwa. Avue kwa kushika mipira ya masikioni, asishike mbele. Na asibadilishane na wenzake, hata ikiwa ya mwenzake ina maua. Haya, Chiriku, twende kwenye ndoo. Osha mikono kwa sabuni huku ukisali Salamu Maria mbili."

Chiriku alifungua bomba la ndoo. "SalamuMariaumejaaneema..." Maneno yalikimbizana.

"Ngoja, ngoja! Umefika amina na sabuni haijatoa hata povu!"

Hapo Chiriku alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaanza upya, polepole. Akasugua viganja, katikati ya vidole, na chini ya kucha.

Kisha Sista aliuliza, "Fundi, utepe huo wa kupimia shingoni mwako una urefu gani?"

"Mita moja na nusu."

"Ndiyo nafasi tunayoacha kati ya mtoto na mtoto. Tumechora mistari uwanjani mwa shule kwa sala ya asubuhi. Na nyumbani, kwa ajili ya pumu ya bibi, tumieni huo huo. Kaeni nje mnapoweza. Chiriku akiwa na homa au kikohozi, asije shule, na mtafute muuguzi. Siku tatu hizi fanyeni mazoezi, kama mchezo. Na akiwa na swali, mjibuni. Kama hamjui, semeni hamjui."

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nyumba ikawa shule. Kiti kikawa lango. Mama Chiriku akawa mlinzi, akapima joto la paji la uso kwa kigurudumu cha uzi. Bibi akawa mwanafunzi mtoro, akatolewa mstarini mara mbili kwa kupiga soga. Mara kwa mara hofu ilimpanda Mama Chiriku. Maneno yale ya Jumapili yakaja tena ulimini. Akayameza, akasema tu, "Tuanze tena kwenye ndoo."

Jumatatu Chiriku alisimama mlangoni. Akashika tumbo.

"Linauma?" mama yake aliuliza.

"Kidogo."

"Na langu pia. Twende nalo hivyo hivyo."

Akaenda. Katikati ya madaftari mapya alibeba katekisimu yake, imekauka, kurasa zimejikunja kama mawimbi.

Siku hiyo Mama Chiriku hakukalika. Alishona mkono wa blauzi nje ndani. Akafumua, akaushona tena vile vile.

"Mwachie mwenye blauzi atembee kinyumenyume," bibi alisema.

Saa tisa lango lililia. Chiriku hakukimbilia mtu. Alikwenda kwenye ndoo. Salamu Maria mbili, polepole. Akavua barakoa kwa mipira yake, akaitia kwenye beseni la sabuni, akaosha mikono tena. Akabadilisha sare. Kisha akauvuta utepe shingoni mwa mama yake, akamrushia bibi ncha moja, yeye akakaa uani ameshika ncha nyingine. Utepe ukanyooka kati yao.

"Bibi, kitendawili!"

Bibi alikaa sawa. "Tega!"

"Wapangaji wawili nyuma ya pazia moja. Wa juu akichungulia nje, nyumba nzima iko hatarini."

"Ni... baba na mama yako?"

"Siyo! Nipe mji."

"Chukua jiko la mama yako, na masufuria yake yote."

"Nimechukua jiko, nimepika, nimekula, nimeshiba, sikuwabakizia. Ni pua na mdomo!" Na maneno yakamiminika kama maji. Bakuli la maji ya baraka mlangoni mwa kanisa ni tupu, bibi. Na rafiki yangu ameota meno mawili. Na Sista ametuambia tuinamiane, na mimi niliinama sana nikaanguka, bibi, darasa zima likacheka.

Mama Chiriku alisimama akisikiliza. Akakumbuka kwamba tangu mchana hakuwa amefuta kitasa hata mara moja.

"Hodi fundi! Blauzi yangu tayari?" mteja aliita langoni.

Mama Chiriku alitundika barakoa yake mdomoni upesi upesi, akaelekea langoni.

"Mama!" Chiriku alipaza sauti. "Mpangaji wa juu ametoka nje!"

Mama Chiriku akasimama, akavuta kitambaa juu ya pua yake, ndipo akafungua lango.