Joto Mfukoni mwa Koti

Asubuhi ile baba alipotoka kwenda hospitali, mtandao uliondoka naye.

Walikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa nakala katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na intaneti ya kompyuta ilitoka kwenye simu ya baba. Kila siku aliiweka simu dirishani, akawasha hotspoti, na kompyuta ikaudaka mtandao yenyewe. Mtandao huo aliupa jina la mzaha: Mzee Yupo. Mteja akichungulia mlangoni kuuliza kama kuna intaneti, baba alijibu bila kuinua kichwa, "Mzee yupo, ingia tu."

Siku hiyo alisema kifua kinambana. Akavaa koti juu ya shati lake la bluu, akatia simu mfukoni, akaahidi kurudi kabla chai haijapoa. Binti yake alikuwa mbele ya kompyuta. Kaka yake alimwita Sisimizi kwa tabia yake ya kupenya kila mahali. Sisimizi aliviona vijipinde vya mtandao kwenye kona ya skrini vikipungua kimoja kimoja kadiri baba alivyozidi kwenda. Baba alipokata kona, vikaisha.

Hakurudi. Lililorudi ni koti, na simu ikiwa mfukoni. Mama aliizima kwa mkono wake, akairudisha mfukoni, akalitundika koti kabatini. "Isiguswe mpaka nitakaposema mimi," aliwaambia wanawe wawili. Duka likafungwa. Mama akawa mtu wa kulala akitazama ukuta, na sahani yake ikarudi jikoni karibu kama ilivyotoka.

Hata ikafika siku mama alipoingia dukani kufuta vumbi. Aliwasha kompyuta, labda kwa mazoea tu. Sisimizi alikuwa akifagia mlangoni. Akasikia kimya kisicho cha kawaida, akageuka. Mama alikuwa ameduwaa, kitambaa kimemdondoka. Kwenye skrini palikuwa na maneno machache: Umeunganishwa na Mzee Yupo.

"Mama, ni nini?"

"Shh," mama alisema. "Usimshtue."

Sisimizi aliukumbatia ufagio.

Tangu siku hiyo mama aliamka mapema, akaoga, akanywa chai yake yote, akafungua duka. Wateja wakarudi. Lakini alikuwa akizungumza na ile kona ya skrini. "Leo umechelewa," alinong'ona asubuhi moja, na pale pale vijipinde vikajitokeza, kama mtu aliyeitikia. Kila alasiri, jua lilipokuwa kali, mtandao ulikatika ghafla. Hapo mama aliacha kazi, akatoka kusimama barabarani, akitazama ile kona alikopotelea baba.

"Mtandao wenu huu!" alilalamika fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kuchapa vipimo vya sare. "Unakuja na kutoweka kama mtoto aliyeitwa kuoga!"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshatoka nje. Safari hii hakuishia barabarani. Sisimizi alimfuata kwa mbali, akamkuta amesimama kwenye geti la hospitali, akimwuliza mlinzi kama kuna mtu aliyevaa shati la bluu aliyepita. Mlinzi alimtazama kwa huruma. Sisimizi akamshika mama mkono, wakarudi nyumbani. Njiani aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mama naye yuko njiani kuondoka, na anaondoka kidogo kidogo.

Jumamosi, mama akiwa dukani, Sisimizi aliichukua simu ndogo ya mama. Nayo iliujua mtandao ule. Dukani ilionyesha kijipinde kimoja. Alipoingia ukumbini vikawa viwili. Mapazia yalikuwa yamefungwa na ukumbi ulikuwa na giza la kijivu. Akaendelea, macho kwenye simu. Mlangoni pa chumba cha wazazi, vitatu. Mbele ya kabati, vikajaa vyote.

Alisimama. Alitamani kukimbia. Badala yake akavuta mlango wa kabati, nao ukalia polepole. Koti la baba lilining'inia peke yake, mabega yamekaa sawasawa kama limevaliwa. Akanyoosha mkono, akauingiza mfukoni.

Mlikuwa na joto. Joto la mwili wa mtu.

Sauti ilimtoka bila kutaka. Akavuta mkono, na simu ya baba ikatoka nao, inawaka, imeshikamana na waya mweusi uliopita nyuma ya kabati.

"Sisimizi, irudishe." Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka.

"Ni wewe?"

"Punguza sauti."

"Ni wewe, kaka! Mimi roho imetaka kunitoka!"

Kaka alifunga mlango, akaketi kitandani. Alieleza kwamba mara ya kwanza aliiwasha kwa sababu alitaka kutuma kazi ya shule. Alikusudia kuizima baadaye. Hakukumbuka kwamba kompyuta ya dukani ingeudaka mtandao. "Halafu nikarudi nikamkuta mama anakula. Anakula, Sisimizi! Ningeizimaje? Basi kila asubuhi nikawa naiwasha kabla ya kwenda shule."

"Na alasiri unaizima ya nini?"

"Mimi? Alasiri niko shule."

Waliitazama simu. Ilikuwa imechemka, imevikwa kava nene, imefungiwa ndani ya koti zito, ndani ya kabati, na kutwa nzima ilikuwa kwenye chaji. Ikizidiwa na joto, ilizima hotspoti yenyewe ili isiungue.

"Kwa hiyo baba anamwondokea kila siku," Sisimizi alisema polepole. "Wewe unajua juzi alikwenda mpaka geti la hospitali, akamwulizia kwa mlinzi?"

Kaka hakujua. Aliinamisha kichwa. "Tukimwambia, atarudi kutazama ukuta. Tafadhali, mdogo wangu. Nyamaza tu."

Sisimizi aliifikiria sahani ya mama iliyokuwa ikirudi tupu siku hizi. Akaufikiria tena uso wa mlinzi. "Mwambie wewe," alisema. "Usipomwambia, mimi nitamwambia. Lakini ingekuwa vizuri zaidi ukiwa wewe."

Walikwenda pamoja. Kaka aliongea akitazama sakafu, simu mkononi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakugomba. Cherehani ya jirani ilisikika ikienda.

"Lete," alisema mwishowe. Akaipokea simu, akashtuka. "Inaunguza hii! We mtoto, ungenichomea nyumba kwa huruma zako!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia sana, na wote wawili wakamkumbatia. Alipotulia, alifuta uso kwa kanga, akawaketisha mbele yake.

"Mwanangu, najua ulinipenda," alimwambia kaka. "Lakini ulinipa tumaini la uongo, na kila alasiri nikafiwa upya. Na mimi nilikosa. Niliona jambo nisilolielewa, sikumwuliza mtu, nikaliogopa na kulipenda peke yangu. Humu ndani, tangu leo, ukweli hata ukiuma tutauambizana. Anayeogopa kitu aseme, tukitafute pamoja, kama alivyokitafuta huyu."

Kisha akasema duka haliwezi kukaa bila intaneti, na simu haina kosa. Wakaivua kava, wakaiacha ipoe. Wakaiweka dirishani, mahali inapopata mawimbi vizuri, lakini kivulini. Kaka alionyesha kwamba kompyuta ikiungwa na simu kwa waya, mtandao huwa wa kasi na haukatikikatiki, na waya huo huo huichaji simu. Kwa wateja wanaohitaji hotspoti, alipunguza idadi ya simu zinazoruhusiwa kuingia, akazuia programu zinazokula data kichinichini, akaondoa mpangilio wa hotspoti kujizima isipotumiwa. Neno la siri wakalibadilisha, kwa kuwa la zamani nusu ya mtaa walikuwa nalo.

"Na jina?" Sisimizi aliuliza.

Mama aliweka kidole juu ya skrini. "Mzee hayupo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Akafuta herufi moja moja, akaandika jina la duka.

Siku hizi duka hufunguliwa kila siku isipokuwa Jumapili, na anayewasha hotspoti ni mama.